Nilimfungia Mke Wangu Simu Wakati wa Mfungo wa Mtandao

Mpendwa Mshauri Nasreen,

Pokea salamu kutoka Nuu, na unisaidie kufikiri maana mimi peke yangu nimefika mwisho. Naitwa Kyule, nina miaka hamsini na tatu, kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima, na katika kanisa letu mimi ni shemasi. Barua hii nimeiandika kwa mkono na kumpa dereva wa gari la vifurushi aifikishe ofisini kwenu Kitui kwa sababu niko kwenye mfungo wa mtandao, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Mwezi uliopita mchungaji wetu alituuliza baada ya ibada kama sisi watu wa leo tunaweza kuishi bila mtandao jinsi wazazi wetu walivyoishi, na kwa kweli swali hilo lilinikamata kwa sababu mimi napenda kujua vitu, pampu ikigoma situlii mpaka nione ni kwa nini, basi tukakubaliana watu kama sitini tujaribu siku arobaini, simu ya kawaida na meseji ni ruhusa lakini data izimwe kabisa, hakuna WhatsApp, hakuna video, hakuna kutafuta kitu, na mimi nikachaguliwa kuwa msimamizi wa kuhakikisha watu hawadanganyi.

Nisikufiche, siku za kwanza zilinipendeza sana. Nilikuwa na kijitabu cha kuandika ninayoyaona: siku ya kwanza mkono wangu ulienda mfukoni mara hamsini na mbili kabla ya chakula cha mchana, siku ya saba mara nne tu. Mimi na jirani yangu Muthama tulibishana kama punda hulala akiwa amesimama, na kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kutafuta jibu tulibeba viti tukaenda kukaa karibu na punda wake kutoka saa saba mchana mpaka saa kumi, naye akatuangalia tu, nafikiri alikataa kulala kwa sababu tulikuwa tunamkodolea macho, lakini katika masaa hayo matatu Muthama aliniambia habari za mwanawe aliyefariki, habari ambazo hajawahi kunigusia miaka kumi na mitano tuliyoishi jirani. Nikasema, kumbe inawezekana, na tena inapendeza.

Siku ya tisa nilirudi nyumbani mapema kuchukua spana niliyosahau, nikamkuta mke wangu Kanyiva nyuma ya ghala la mahindi, simu ameiegemeza ukutani, anarusha mikono huku anacheka bila sauti. Alikuwa anaongea na dada yake Ndululu, ambaye ni kiziwi tangu utotoni na ni fundi wa nguo kule Mutomo. Hao wawili huongea kwa ishara, nusu ni zile za shule ya viziwi na nusu walizitunga wenyewe wakiwa wadogo. Hata binti yetu Kalondu, aliye chuoni Machakos, anazijua.

Siku hiyo akina mama watatu wa kanisa walikuwa wamekuja kwa maombi, wamekaa uani, nami badala ya kumwita mke wangu kando nikamkaripia mbele yao.

"Wewe mke wa msimamizi ndiwe wa kwanza kuvunja mfungo?"

"Baba Kalondu, Jumatatu Ndululu anaenda kupimwa macho," akaniambia. "Daktari akiongea, mimi namsikia kwa simu, halafu namwambia Ndululu kwa mikono. Si ndivyo tunafanyanga kila wakati?"

"Mtumie meseji. Meseji ni ruhusa."

"Kwani wewe ukikatazwa Kikamba, uambiwe uandike Kiingereza peke yake, utanieleza nini ukiwa mgonjwa?"

Wale akina mama wakacheka kidogo, aibu ikanipanda kichwani, nikachukua simu yake nikatoa laini, nikaitia kwenye mulika mwizi yangu ya zamani, ile simu ndogo isiyojua mtandao ni nini, nikampa hiyo, na ile kubwa nikaifungia kwenye sanduku langu la spana. Kanyiva aliitia ile ndogo mfukoni akarudi kwa wageni. Mimi nilidhani amekubali.

Jumatatu, kama nilivyosimuliwa baadaye, Ndululu alienda kliniki peke yake. Alikaa kwenye foleni ameinua simu, anapiga ile ya video, hakuna anayeshika. Zamu yake ilipofika mhudumu alimpima vizuri, halafu akajaribu kumweleza kwa mikono kama mtu yeyote angejaribu: akafumba macho yake mwenyewe, akayafunika kwa kiganja. Alitaka kusema kwamba macho yamechoka, ayapumzishe, kisha arudi kuchukua miwani. Ndululu akaelewa kwamba anaenda kuwa kipofu.

Mshauri, fikiria mtu ambaye maneno yote ya dunia yanamwingia kwa macho, aonyeshwe kwamba macho yanafungwa. Alasiri hiyo alimwandikia Kanyiva meseji, na Kiswahili cha kuandika kwake ni cha kuokoteza: "Macho kwisha." Kanyiva alisoma akafurahi, akaona ni kusema mambo ya macho yamekwisha, ametibiwa. Akamjibu: "Mungu ni mwema."

Ndululu hakuandika tena.

Siku tisa baadaye mama mmoja anayeuza viatu karibu na kibanda cha Ndululu alimpigia Kanyiva simu. "Mama Kalondu, mbona dada yako anagawa vitambaa? Hata cherehani amempa msichana wa hapa. Kuna nini?" Kanyiva aliingia ndani akafunga nguo zake na kwenda kituoni bila kuniaga. Kesho yake alimrudisha Ndululu kliniki, na kwa dakika kumi mambo yote yakaeleweka. Sasa amepata miwani, cherehani imerudi, anashona.

Mimi nilifika Mutomo siku ya ishirini na sita ya mfungo. Niliwakuta kibandani, nikasimama mlangoni, mikono yao inaenda mbio, wananiona na hawasimami, na hapo ndipo nilitambua kwamba katika miaka ishirini na minne ya ndoa sijajifunza hata ishara moja, hata ya maji. Nikamwambia Kanyiva aniombee msamaha kwa dada yake.

"Sema mwenyewe," akanijibu.

Nikasema, na kila nikisema nikawa napaza sauti zaidi, mpaka watu wa vibanda vingine wakatoka kuangalia. Ndululu alichukua daftari lake la vipimo vya nguo, akaandika, akanigeuzia. Aliandika: "Wewe siku 26. Mimi miaka 19."

Nikamuuliza Kanyiva maana yake.

"Kutoka siku uliyonioa ukanileta Nuu mpaka siku nilimnunulia simu yenye video," akasema. "Miaka kumi na tisa tulikuwa tunaongea Krismasi peke yake."

Nimerudi Nuu peke yangu. Kanyiva anasema atakuja sare za shule zikiisha kushonwa, na hajasema ni lini. Jumapili ya wiki ijayo siku arobaini zinaisha na mchungaji ameshatangaza kwamba nitatoa ushuhuda kuwa inawezekana kuishi bila mtandao. Baba yangu alifika miaka themanini na moja bila kuujua, na mimi mwenyewe nimeona faida, sasa nikisema inawezekana nitakuwa nadanganya? Na nikisema haiwezekani, si pia ni uongo? Au nijiuzulu ninyamaze? Na je, mke wangu atarudi? Nifikirie tafadhali.

Kyule, Nuu.

*

Kyule ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi niinuke nizunguke ofisi kwanza. Mtu ameandika "Macho kwisha" akajibiwa "Mungu ni mwema". Amekaa siku tisa na jibu hilo, kutoka kwa dada yake wa pekee anayejua lugha yake. Umeniandikia kurasa nne na sijaona mahali umejiuliza zile siku tisa Ndululu alizipitisha vipi. Kamuulize.

Wewe si mtu mbaya, na ninajua kwa sababu hukuficha vile akina mama walicheka ukaona aibu. Ungeweza kuruka hapo. Na masaa yale na Muthama ni mali, nakuomba mfungo ukiisha uende ukae naye tena, na punda akatae kulala akitaka.

Lakini sasa nisikilize. Mchungaji aliuliza swali zuri, na watu sitini wakakubali kujaribu. Ndululu hakuwa kanisani siku hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Wewe ulikuwa unajaribu jambo kwa maisha yako, ukavuka ukaenda kulijaribu kwa macho ya mtu mwingine, tena kwa kufungia simu ya mtu mzima kwenye sanduku la spana! Ulimwoa Kanyiva au ulimwajiri?

Unaniambia baba yako aliishi miaka themanini na moja bila mtandao. Ni kweli. Alikuwa anasikia, na akitoka mlangoni kila jirani alijua Kikamba. Ndululu alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye, nawe ukamwoa ukamhamisha. Sikulaumu kwa kuoa. Nakulaumu kwa kutojua, miaka ishirini na minne, uliondoka Mutomo na nini.

Hata mimi swali lenu lilinichokoza. Juzi nilizima data siku nzima hapa Kitui nione. Nilimtembelea binamu yangu Fahima badala ya kumtumia picha, tukala, tukacheka, sikupungukiwa na kitu. Nikirudi nyumbani nikajiuliza: mgonjwa wa mbali anayesubiri majibu, mama mwenye mwana ughaibuni, kiziwi, hawa nao wangesema hivyo? Sijui. Ningewauliza wao kwanza kabla sijasimama mbele ya watu.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa utaratibu huu.

Leo washa data. Ndiyo, wewe msimamizi, siku chache kabla ya mwisho. Mpigie Kalondu simu ya video akufundishe kuomba msamaha kwa ishara, maana kwa simu ya kawaida hawezi kukuonyesha. Akufundishe na jina la Ndululu, na "nilikosa", na "nifundishe". Rudia mpaka mikono izoee. Mchungaji akikuuliza kwa nini umevunja, mwambie sababu yote bila kuipunguza.

Halafu fungua sanduku, chukua simu ya mke wako, uipeleke Mutomo. Umpe mkononi. Usimwambie arudi na usimuulize ni lini, sare zina siku zake na hasira pia ina siku zake. Geuka kwa Ndululu useme ulichojifunza. Utakosea, pengine utamwambia jambo la ajabu kabisa. Wacha wakucheke, simama hapo hapo, rudia.

Kabla hujaondoka, muulize Kanyiva kama anakubali habari hii isemwe kanisani. Akikataa, Jumapili ubaki kwenye kiti chako na mchungaji atafute mwingine. Akikubali, simama useme yote mawili: ulichopata kwa Muthama, na kilichompata Ndululu. Wale akina mama watatu wakiwepo, watazame wao, useme ulimkosea mke wako mbele yao na unamwomba msamaha mbele yao. Na kama Kanyiva atakuwa bado Mutomo siku hiyo, na kiti chake kiko wazi, useme hivyo hivyo.