Simwinga na Namwinga, Wote Wako

Kwako mume wangu, Baba Ezekia,

Nakuandikia mwenyewe, kwa mkono huu wa darasa la tatu, kwa hiyo uzivumilie herufi. Binti yetu Furaha alitaka aniandikie nikakataa. Haya ni yetu wawili.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwa yale makato? Kila ukirudi kutoka kiwanda cha kukoboa kahawa, na karatasi yako ya mshahara mkononi, mimi niko mlangoni nakungoja. "Mfuko wa rambo nauona," nakuambia, "wa salfeti nauona. Huo wa pensheni umeuficha wapi?" Wewe unavua gamboti, unacheka. "Huo unafunguliwa uzeeni, Mama Ezekia." Nami nakujibu kwamba uzee haumvishi mtoto viatu. Nisamehe, mume wangu. Niliona viatu vya Ezekia vimeachama, mbali sikuona.

Na ile siku ya fomu ya warithi, nayo naikumbuka. Uliiweka juu ya sinia, ukatuandika mmoja mmoja: mimi, Ezekia, Furaha. Ulipomaliza ukaendelea kuandika pembeni, pale pasipo na mstari. Nikakukemea, "Karatasi ya watu unaichafua!" Ukasema, "Hapa Tunduma wanatujua. Huko inakokwenda hawatujui." Nikaenda zangu kugeuza ugali.

Kifua kikakuondoa kabla ya huo uzee. Tulipomaliza matanga nikafunga vyeti kwenye kanga, nikapanda basi na watoto hadi ofisini Mbeya. Njia nzima naipapasa ile kanga. Unanijua, moyo wangu haukai.

Dirishani alikuwa binti mmoja mpole, ila mgeni wa huku kwetu. Akasoma, akarudia kusoma. "Mama, huyu Ezekia Simwinga sawa, ni wa marehemu. Ila huyu Furaha ni Namwinga. Baba yake nani?"

Baba yake nani! Mbele ya foleni nzima! Mzee mmoja nyuma yangu akaguna, "Mmh, makubwa." Nilitaka kumweleza yule binti kwamba sisi Wanamwanga kaka akiwa Simwinga, dada yake ni Namwinga, ukoo ule ule, damu ile ile. Kiswahili chote kikanikimbia. Nikabaki na Kinamwanga na machozi. Furaha alikuwa darasa la sita, amening'ang'ania gauni. Nikawaza, wakimkata huyu, shule imeishia hapa, na mwanangu atakua akijua kwamba kuna mahali waliuliza baba yake ni nani.

Yule binti akaona hali yangu, akaenda kuleta faili lako. Akafungua, akainamia pembeni mwa ile fomu. Mimi si msomaji, lakini mwandiko wako naujua, umelala upande mmoja kama ulezi uliopigwa na upepo. Akausoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia: "Ndugu afisa, usishangae. Kwetu wa kiume ni Simwinga, wa kike ni Namwinga. Wote wangu."

Wote wangu. Hapo ndipo nilipokulilia sawasawa, Baba Ezekia. Kule msibani nilikuwa nahangaikia sufuria za watu.

Binti akafuta macho, akasema nilete na barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha. Nikaileta. Yule mzee naye akanifuata mlangoni, "Mama, samahani, niliguna vibaya." Mafao yakatoka kwa wote watatu, na Furaha akasoma mpaka akawa nesi. Ezekia yuko hapa mpakani na duka lake la vitenge, hajambo, ila tumbo limeanza kumtoka.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Juzi Furaha kapokea mshahara wake wa kwanza, akanipigia simu kwa hasira. "Mama, wamenikata! Eti mfuko. Mfuko gani huo, mbona siuoni?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akadhani nimeugua.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimeuona. Ndani yake kuna mwandiko wa baba yako." Hasira ikamwisha. Kisha akauliza, "Sasa kwenye fomu ya warithi niandike nini?" Nikamwambia ajaze mistari yote, halafu asiogope kuandika na pembeni.

Asante, mume wangu. Kwa kila mwezi niliokununia, asante. Lala salama, makato yako yamefika.

Ni mimi mkeo,
mama wa Simwinga wako na Namwinga wako.