Siku Niliyolaza Ngoma ya Dada Hawa

Jumapili, saa mbili asubuhi. Arua kuna jua jepesi baada ya mvua, na viatu vyangu viko mlangoni na matope ya Koboko. Sijalala vizuri. Nimekunywa chai ya tangawizi vikombe viwili na mdomo bado mchungu.

Mke wangu Zamzam aliniambia mwaka jana: hasira yako iandike, usiiseme. Ndiyo maana kuna blogu hii. Ina wasomaji sita, na mmoja wao ni shemeji yangu, anayesoma ili apate cha kunicheka sokoni. Haya, shemeji, karibu.

Jana nilimwaibisha binti yangu mbele ya Koboko nzima.

Nasra ana miaka kumi na sita. Wiki tatu zilizopita dada yangu mkubwa, Hawa, anayeishi Koboko, aliomba Nasra akacheze na kundi lake la duluka kwenye tamasha la muziki. Duluka ni ngoma ya wanawake wetu wa Kinubi. Bibi zetu walikuja nayo kutoka Sudan, wakifuatana na waume zao askari, na dada Hawa anaipiga tangu mimi sijaota ndevu. Ingekuwa harusi nisingefungua mdomo. Lakini tamasha! Siku mbili uwanjani, spika ndefu kuliko mimi, vijana wa Arua, wa Yei ya Sudan Kusini, wa Ariwara ya Kongo, bia kwa makreti, na boda zimejipanga langoni zikingoja abiria asiyejua anakokwenda.

Nilikataa. Siku ya pili nikakataa kwa sauti kubwa zaidi. Zamzam hakubishana nami. Alinikumbusha tu mahali tulipokutana.

Tulikutana kwenye muziki, Koboko hiyohiyo. Mimi nilikuwa utingo wa lori, safari za Mombasa mpaka Juba, umri miaka ishirini na miwili, Kiswahili cha pwani kimenijaa mdomoni nikidhani ni manukato. Nilimnunulia soda. Nikamwambia lori ni langu. Baba yake alipojua ukweli hakunisemesha miaka miwili, na wakati huo nilikuwa tayari mkwe wake.

Kwa hiyo nikiri. Simwogopi Nasra, wala siogopi muziki. Ninayemwogopa ni yule utingo. Maneno anayowaambia mabinti wa watu nayajua yote, maana niliyatunga mimi.

Mwishowe nilikubali, kwa masharti. Asibanduke kwa shangazi yake. Alale kwake, arudi Jumapili. Na anipigie simu mara mbili, baada ya sala ya adhuhuri na baada ya alasiri. Alisema ndiyo kwa kila sharti, haraka haraka, kama mtu anayeogopa muuzaji atabadilisha bei.

Adhuhuri alipiga. Sauti yake ilikuwa na furaha hata nikaona haya kumhoji, lakini nilimhoji. Uko wapi, uko na nani, umekula nini. Nilimsikia dada Hawa nyuma yake akinicheka.

Alasiri hakupiga.

Nilikuwa dukani kwangu, ninakouza vipuri vya pikipiki. Nilingoja dakika kumi, nikapiga mimi. Ikajibu sauti ya mwanamke, ile ya kurekodiwa, kwa Kifaransa.

Sasa, kila mtu wa huku anajua jambo hili. Koboko yetu ya Uganda iko karibu sana na mpaka, na simu hushika mtandao wa Kongo ikipenda. Unaweza kuwa umekaa sebuleni kwako na simu ikakukaribisha nchi ya watu. Nimewaeleza wateja mara ngapi! Lakini jana niliposikia Kifaransa, nilimwona mwanangu yuko nyuma ya boda, amevuka mpaka, na aliyeshika usukani anatabasamu. Nikampigia dada Hawa. Ikaita mpaka ikakata. Mara nne.

Akili ikanihama. Nilimwachia jirani duka, nikaruka kwenye pikapu. Zamzam sikumwambia, kwa sababu angenizuia, na nilijua angekuwa na haki ya kunizuia.

Nilipopita Ombaci, nje kidogo ya Arua, mvua ilianza kupiga kioo cha mbele. Mwendo wa saa moja niliukata kwa muda ambao sitauandika hapa, maana Zamzam husoma. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine unapiga simu. Kifaransa. Kifaransa. Tena Kifaransa. Kila boda iliyokuja mbele na msichana nyuma nilipunguza mwendo nimtazame usoni. Mmoja alinisonya, na alikuwa sahihi. Niliomba dua na kulaani kwa pumzi moja, mpaka sikujua tena Mungu amepokea ipi.

Koboko mvua ilikuwa imekatika. Kijana wa langoni aliniuliza tiketi, nikamwambia namtafuta binti yangu. Alinitazama uso akanipisha. Nikapita mabanda ya bia, nikapita vijana waliovua viatu wakicheza kwenye matope, na kabla sijaona chochote nikasikia ngoma. Mapigo ya dada Hawa nayajua hata usingizini. Mtu mwenye akili angesimama pale pale na kushukuru, kwa kuwa shangazi akiwa anapiga ngoma, mtoto hayuko mbali. Mimi sikusimama.

Walikuwa chini mbele ya jukwaa, duara la wanawake wamejifunga nguo za rangi. Nasra alikuwa katikati. Gauni la njano, macho chini, shingo imenyooka, miguu inakwenda taratibu kama ya bibi yangu marehemu. Alikuwa anacheza na kuongoza wimbo. Sikuwahi kumwona akicheza. Miaka kumi na sita, na sikuwahi.

Na kando yake kijana mmoja ameinama, mdomo karibu na shavu lake.

Alikuwa mtu wa mitambo, anamshikia kipaza sauti. Hilo nimeambiwa baadaye. Jana nilimwona utingo.

Nikavuka duara, nikaingia katikati.

Lazima nieleze kwa asiye wa kwetu. Mwanamume anaweza kutazama duluka kutoka nje, hata akapiga makofi. Lakini baba wa msichana anayecheza haingii katikati. Akiingia, kwetu ina maana mbili tu: ama kuna kifo nyumbani, ama amekuja kumwondoa binti kwa sababu ya aibu aliyoitenda. Akishakanyaga pale, ngoma inalazwa chini kwa ubavu, na haipigwi tena mpaka yeye mwenyewe aiinue. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kufunga viatu. Nami niliyasahau kwa hatua tano.

Dada Hawa aliniona. Mikono yake ikasimama hewani. Kisha akailaza ngoma.

"Nani imekufa?" aliuliza kwa Kiswahili chetu cha huku.

Nasra alinikamata shati kwa mikono miwili. "Mama? Baba, ni mama?"

Nilikuwa nahema. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka, na yeye akasoma jibu kwenye kimya changu. Alipiga ukelele ambao naendelea kuusikia ninapoandika. Akakaa kwenye matope na gauni lake la njano, na wanawake wote wakaanza kumlilia mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa Arua anachambua mchele.

Haikufika dakika. Ilikuwa ndefu sana.

"Hakuna mutu alikufa," nilisema mwishowe. "Zamzam iko nyumbani. Iko sawa."

Vilio vikakatika kimoja kimoja. Dada Hawa alijifuta uso kwa ncha ya nguo yake, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka sita. "Basi wewe nataka nini hapa, Ramadhan?"

Ningeweza kusema niliogopa. Simu haikupatikana, nikawaza mabaya, nisameheni. Wale wanawake wangenicheka, wangenipa jina la kuniudhi mpaka uzeeni, ningeinua ngoma pale pale na mwanangu angemaliza wimbo wake. Lakini watu walikuwa wanatazama, simu zimeinuliwa juu zinapiga picha, na mimi kiburi ninacho cha kugawa.

Nikasema, "Nimekuja chukua binti yangu."

Yaani kati ya zile maana mbili, nilichagua ya pili. Mtoto ambaye hakukosa lolote nilimvisha aibu hadharani ili mimi nisivae yangu.

Hakubisha. Aliinuka, akamwambia shangazi yake asante, akanifuata. Mwanamke mmoja alimkimbilia Nasra kumrudishia simu yake. Ilikuwa kwenye kikapu pamoja na simu za wenzake wote, kwa kuwa mvua ilivuruga ratiba wakaitwa uwanjani ghafla, mara tu baada ya sala. Ndani ya pikapu alikaa ukingoni mwa kiti saa nzima. Niliwasha redio, nikaizima. Matope yalimkaukia kwenye gauni.

Zamzam alisikia yote amesimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata nilitamani. Alisema tu, "Baba Nasra, mimi niko hai," akamshika mtoto mkono wakaingia ndani.

Leo asubuhi dada Hawa alipiga. Wenye tamasha wamewapa nafasi nyingine leo mchana, kabla ya waimbaji wakubwa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ngoma iko chini," alisema. "Mimi siwezi inua. Wewe ulilaza, wewe kuja inua. Na sema mbele ya watu mutoto hakukosa." Akakata.

Nilifurahi. Kweli, nilifurahi! Nikaona njia ya kutokea. Nasra alikuwa uani anafua gauni. Nikamwambia: nitasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, twende pamoja, utacheza. Nilikuwa naona fahari jinsi nilivyo mnyenyekevu.

Hakuinua kichwa. "Wewe nenda, Baba. Mimi hapana."

Nikamuuliza kama ni aibu.

Aliendelea kusugua pale penye doa. "Aibu itaisha. Lakini jana mama yangu alikufa, Baba. Kwangu alikufa. Na wewe ulikuwa unajua iko hai, na ulinyamaza."

Niliondoka pale uani nikaja kukaa kwenye pikapu, na ndimo ninamoandikia, kwa simu, gari limewashwa.

Nilitaka kumwambia sikunyamaza, pumzi ndiyo ilinikatika. Ni kweli, mwanzoni ilinikatika. Lakini nimejipima tangu niingie humu garini na hapa sioni pa kujificha. Pumzi ilirudi kabla sijasema. Kulikuwa na muda mdogo, sekunde moja au mbili, ambapo ningeweza kusema mama yako yuko hai, na sikusema. Nilimtazama pale chini akiogopa, na kitu ndani yangu kikasema: sasa umejua. Sasa umejua nilivyokuwa tangu alasiri.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwacha mtoto wangu azame katika hofu yangu ili nisiwe peke yangu humo.

Zamzam hilo halijui. Dada Hawa halijui. Nasra nadhani amelihisi, ndiyo maana anasugua gauni namna ile.

Koboko lazima niende. Nitaiinua ngoma mbele ya zile simu zao, nitasema mtoto hakukosa, mkosaji ni mimi, niliogopa. Wacheke. Ngoma itapigwa leo bila yeye, na hilo nitalisimamia nikilitazama mpaka mwisho. Tangu dada apige simu nimekuwa nikidhani hiyo ndiyo kazi ngumu.

Lakini zile sekunde mbili si za kusemwa uwanjani. Zikisemwa pale zitapigiwa makofi, watu watasema tazama baba mwema, na mwenye haki ya kuzisikia hatakuwepo. Yuko uani.

Koboko ni mwendo wa saa moja. Uani ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu nikija. Mbona hizi kumi na mbili ndizo naziona ndefu?

Nimezima gari. Naanza na uani.