Mukeke wa baridi

Mama Asha wangu,

Amahoro toka Rumonge. Ziwa iko shwari, na muji muzima unanuka mawese.

Ucheke kwanza. Nilipofika, Mama Hawa, mwenye nyumba ninamolala, aliniuliza mutu mwenye mvi anasoma nini tena. Nikamwambia, "Kozi ya maenjenyeri walio kazini, Mama. Tunajifunza kubana moto." Basi jioni akaniletea samaki mukeke wa baridi na ugali wa asubuhi! "Nakusaidia masomo," akasema. Nikala. Mugeni hachagui.

Leo akaja kununua mafuta kwenye kiwanda cha mawese tunakofanyia mazoezi. Tangu Uhuru, mafundi wa Kizungu walipoondoka, ule mutambo wa mvuke umekuwa unakula kuni kama una wazimu. Sisi tuliziba matundu, tukavika bomba zake udongo na nyasi, na joto lililokuwa likipotea hewani likabaki ndani. Ngazi zote za leo, zile chikichi za kukamua mafuta, zimeiva, na rundo la kuni limebaki uani. Mama Hawa akalitazama, akanitazama mimi: "Kumbe kubana moto si kuuzima!" Jioni nikapewa mukeke wa moto hata nikaungua ulimi.

Wale jirani wa Buyenzi wanaokucheka ati mume wako, enjenyeri muzima, amerudishwa shule, waambie diploma yake imeshapatikana: ni zile kuni za Rumonge ambazo hazikuungua.

Unibusie Asha. Nikirudi, chai iwe ya moto.

Baba Asha