Meno ya Babu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako kutoka chumba cha nyuma cha shangazi yako, ambako kifua kinanibana lakini mkono bado unashika kalamu. U hali gani? Mjukuu wangu Kasuku anaendeleaje? Kabla hujanijibu, nikwambie jambo nililokuficha tangu uzaliwe. Meno yangu ya juu, haya ambayo kila mtu huyasifu, na ambayo ulipokuwa mdogo uliyaita meno ya tangazo la dawa ya mswaki, si yangu. Ni ya bandia. Niliyavaa kabla sijamwoa mama yako. Yeye alijua, akanifichia aibu hiyo mpaka tukamzika. Ndiyo maana nilifunga bafu kwa komeo hata nikienda kunawa uso tu, na ndiyo maana nilikata kila tunda kwa kisu, nikiwaambia kwamba huo ndio ustaarabu.

Jambo lingeishia hapo, lingekuwa kichekesho. Ungewasimulia rafiki zako mkashika mbavu. Lakini mimi sicheki, mwanangu. Mwaka huu wote nimekuwa nikiuogopa mdomo wa mtoto wa miaka kumi kuliko ninavyokiogopa kifo, nacho nakisikia kila nikigeuka kitandani.

Unakumbuka Kasuku alipoanza kung'oka meno ya utoto, tulivyomtania kwamba upepo unaingia bila hodi. Naye hakunyamaza hata kwa mapengo, ndiyo maana tukamwita Kasuku. Kisha yakaanza kuota ya ukubwani. La kwanza lilikuja limegeuka ubavu, kama mtu anayepenya kwenye umati. La pili likajificha nyuma yake. Wewe ulisema yatajipanga yenyewe. Mimi nilijua chonge itatokea wapi kabla haijatokea: juu kabisa kwenye ufizi, imeupanda mgongo wa jirani yake. Ikatokea hapo hapo.

Siku tuliyompeleka kwa daktari wa meno nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nimepakata mkoba wake wa shule. Daktari alikuwa binti mchangamfu. Alisema taya ni dogo na meno ni makubwa, kwamba waya zitayanyoosha, na kwamba mpangilio wa namna ile mara nyingi hurithiwa. Akauliza ni nani kwenye familia mwenye meno hayo. Mume wako akasema kwao hakuna. Wewe ukasema kwenu hakuna, ukanigeukia mimi niwe shahidi. Daktari naye akanitazama, akatania kwamba mzee huyu angefaa kupigwa picha ikatundikwa pale ukutani. Nikatabasamu. Mwanangu, nilitabasamu.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyapange kama nilivyoyaona. Mama mkwe wako alikuja kula mchana, na Kasuku, kwa furaha zake, akatangaza mezani kwamba fundi cherehani wa duka la chini ya nyumba yetu ana meno kama yake kabisa. Walikuwa wamejitazama pamoja kwenye kioo cha kujaribia nguo, na fundi akamfundisha kubana pini kwenye ule mwanya ulio chini ya chonge. Ninyi wengine hamkuwahi kuyaona meno ya fundi vizuri, maana huzungumza mdomo umejaa pini. Mama mkwe wako aliweka kijiko chini taratibu, akasema basi mwenyewe amepatikana, kumbe wengine wakienda kupimwa gauni hupimwa na mengineyo. Wewe ulicheka ukidhani ni mzaha. Mume wako hakucheka.

Tangu hapo akahamishia mto wake sebuleni. Akataka vipimo vya damu. Ukamjibu kwamba siku atakayompeleka mtoto kupimwa, majibu yakitoka asikukute. Kiburi hicho nakijua, umekitoa kwangu. Kisha akanijia mimi, mwenye nyumba. Alikaa pembeni ya kitanda changu kwa adabu zote, akaniita baba, akaniomba nimtoe fundi dukani. Aliniambia, huku akiikunja na kuikunjua mikono yake, kwamba mwisho wa mwezi ukifika na fundi bado yupo, atamtoa mwenyewe. Nilimwomba anipe muda nifikiri. Asubuhi nikakuambia kifua kinataka uangalizi wa shangazi yako. Kifua kilikuwa kweli kinauma, lakini nilikuwa nakimbia.

Nilidhani woga wangu ungebaki kwa sisi watu wazima. Juzi ukapiga simu. Ukaniambia umemkuta Kasuku bafuni na koleo la baba yake, sinki lina damu, chonge inacheza. Ulipomuuliza, alisema likitoka hilo moja tu baba atarudi kulala chumbani. Ukanieleza pia kwamba sasa akiongea huziba mdomo kwa kiganja, na kwamba siku nyingine haongei kabisa. Mimi niliiweka simu chini, ukadhani imekatika. Nikamwomba shangazi yako kalamu na karatasi.

Meno yangu hayakuoza, mwanangu. Kwenye shule ya kwanza niliyofundisha, kabla sijamjua mama yako, palikuwa na mpiga chapa wa ofisini. Alipata mimba yangu nikaikana. Hakugombana na mimi. Alizaa mtoto wa kiume, akamlea, na akamwandikisha pale pale. Nami nikapumua, kwa sababu mtoto alikuwa na uso wa mama yake. Kisha meno yake ya ukubwani yakaota. Wanafunzi wakaanza kumtazama yeye, halafu wananitazama mimi, halafu wanainama na kucheka. Mwalimu mkuu akaniuliza kama tuna undugu. Likizo ilipofika nilisafiri hadi mji ambao hakuna aliyenifahamu, nikamwambia daktari ayang'oe yote ya juu. Alikataa. Alisema yamepinda lakini ni mazima. Nilimbembeleza mpaka akakubali.

Niliporudi nilisimama mbele ya wanafunzi wamepanga mstari, nikacheka kwa sauti ili wote wayaone. Yule mtoto aliukazia macho mdomo wangu. Kisha akauziba wake kwa kiganja.

Msomee mume wako barua hii, na mama yake akiwepo. Akitaka vipimo, aanze na mimi. Damu ndicho kitu changu cha asili kilichobaki. Mwambie Kasuku kwamba meno yake ni ya babu, yamepinda lakini ni mazima, awekwe waya au asiwekwe, ila acheke. Koleo lifungieni. Na nikifa, msinivishe haya ya bandia. Wanaokuja kuniaga wanione nilivyo.

Shangazi yako anawasalimu wote. Anasema mashuka uliyomletea yamemfaa.

Yule mtoto alikua akajifunza cherehani. Niliposikia mama yake amefariki, nilimtuma dalali akamwambie kuna chumba cha duka kinachotazama barabara, na mwenye nyumba si mkali. Mpaka leo hajui ni kwa nini. Kila mwaka hunishonea shati, na kila mwaka hukataa malipo. Basi ukimaliza kusoma, shuka ngazi kabla mume wako hajashuka. Msubiri atoe pini mdomoni. Halafu mwamkie, na umwite kaka, kwa sababu ndiye kaka yako.

Ni mimi,
Baba yenu