Dungusi la Babu Yako Lingali Hai

Nyumbani kwa bibi yako,
penye ukuta wa bluu (utaelewa huko mbele),
Alhamisi, baada ya kuanika nguo.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa bibi yako, ambaye bado anatembea kwa miguu yake miwili na kufoka kwa mdomo wake mmoja. Hujambo? Mumeo hajambo? Mtoto je, ameshaota meno, au bado anacheka kwa ufizi? Na mama yako, mgongo wake unaendeleaje? Mwambie nimesema akifua akae kwenye kigoda, aache kujikunja kama jembe. Mimi sijambo. Magoti hunisumbua asubuhi, yakishapata joto yananyamaza. Macho yapo. Barua hii naiandika mwenyewe, sikumpa mtu kalamu, kwa hiyo mistari ikipanda mlima na kuteremka, wewe ifuate tu, utafika.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika, na bado sijaona mahali ulipoeleza kwa nini ulikaa kimya muda wote huo. Wewe, mtu uliyekuwa hunyamazi hata ukiwa na tonge mdomoni! Haya, nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki utaikuta huku ukija.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, lile dungusi lenye miiba ulilokwenda nalo. Unasema baada ya kuhamia nyumba mpya ulilitoa ukaliweka nje kwenye ngazi, likawa jeupe upande mmoja, kisha kahawia, na sasa unalimwagia maji kila siku ili lipoe. La pili, kwa nini ukimpigia mjomba wako na kumuuliza habari zangu anasema, "Mama hajambo," halafu simu inakatika. Hayo mawili ni jambo moja, ndiyo maana nimekaa na kalamu badala ya kulala mchana huu.

Kwanza acha hayo maji. Leo hii. Dungusi lako halina homa, limeungua. Limekaa nyuma ya kioo cha dirisha tangu ulipofika huko, ngozi yake laini kama ya karani, kisha siku moja unalisimamisha kwenye jua la mchana. Hata wewe ungebabuka. Liweke penye mwanga lakini pasipo jua kali, na usilinyweshe mpaka udongo ukauke hadi chini. Pale palipoungua pabonyeze kwa kishikio cha kijiko. Pakiwa pagumu na pakavu kama soli, paache hivyo hivyo, usikwangue, usikate, usipake kitu. Pakiwa pororo na panatoa harufu, hapo ndipo uchukue kisu safi ukakate mpaka ufikie nyama nzuri. Na ile kahawia inayopanda polepole kutoka shinani, pande zote, huo ni uzee tu. Hata visigino vyangu ndivyo vilivyo.

Lakini haya yote ulifundishwa, Chiriku. Ulikuwa unasikiliza nini? Au ulikuwa unaongea?

Mimi nakumbuka kama ni jana. Babu yako anarudi kazini, rangi imemganda mpaka kwenye nyusi, mkononi kopo tupu aliloliomba kwa mwenye nyumba aliyokuwa akiipaka. Chakula hali kwanza. Anakaa kwenye ngazi ya uani, wewe unamshikia msumari, yeye anatoboa kopo chini ili maji yapite, kisha ndipo dungusi linapandwa. Nilikuwa nasema, "Wanaume wengine huleta nyama, wa kwangu analeta miiba." Naye anakugeukia wewe, anakunong'oneza kwa sauti ninayoisikia vizuri kabisa: "Mke mdogo, huyu mkubwa ana wivu."

Alikuwa anakueleza kila kitu. Kwamba ile miiba si ya kutuchoma sisi tu. Kila mwiba una kivuli chake, na vivuli vidogo vikiwa vingi dungusi zima limevaa shuka. Kwamba mikunjo yake ni kama marinda ya sketi: jua likizidi inajifunga, upande mmoja unaukinga mwingine, maji yakija inafunguka. Kwamba mchana linafumba vinywa vyake lisipoteze maji, na kupumua linapumua usiku. Na zile nywele nyeupe utosini mwa lile kubwa, ambazo wewe ulitaka kuzichana, alikwambia ni kofia, maana hapo chini yake ndipo linapokulia, na pakiungua hapo basi tena.

Na kila kopo alilitia nukta moja nyeupe kwa ncha ya brashi, upande unaotazama jua la asubuhi. Hata ukisogeza kopo ili ufagie, ukilirudisha nukta lazima itazame palepale. Alisema upande uliozoea jua una ngozi ngumu na upande wa nyuma ni mtoto bado, ukiwageuza unampeleka mtoto vitani. Sote tulijua hivyo. Mimi nilijua, mama yako alijua, wewe ulijua ukiwa huna meno ya mbele. Mjomba wako naye alijua, na huyo ndiye aliyerithi brashi.

Sasa sikiliza.

Nilikwenda kwa dada yangu kumuuguza. Mjomba wako akaona hapo ndipo pa kunifurahisha. Akaja na ngazi yake, na rangi iliyobaki kwenye kazi fulani. Akatoa makopo yote uani, akasugua ukuta, akaupaka bluu. Ukuta ulivyopendeza, akaona makopo yanautia aibu kwa kutu. Akayapaka nayo. Yote. Hata lile nusu pipa la dungusi kubwa, alilizungusha ili brashi ifike nyuma. Halafu akaona wavu mweusi wa kuyatilia makopo kivuli umejaa vumbi na unauficha ukuta wake mzuri, akauvua. Akayarudisha makopo katika mstari, yamenyooka kama askari, bluu tupu, nukta hakuna hata moja. Na kiangazi ndicho hicho kimepamba moto.

Yeye alitaka kunifurahisha, jamani. Alinisubiri mlangoni anacheka. Mimi nikapita moja kwa moja uani, nikaona dungusi kubwa limepauka ubavu mzima kama kipande cha sabuni. Madogo mengine yalikuwa yamelegea. Mjomba wako bado anacheka, ananiuliza, "Mama, unaonaje?" Hakuwa ameona! Alikuwa anatazama ukuta.

Nikamwambia atoke na brashi yake. Hilo lilikuwa neno dogo. Kubwa ni kwamba nilimwambia baba yake alikufa mara moja kitandani, na mara ya pili amekufa hapa uani. Akaikunja ngazi yake akaondoka. Hajakanyaga hapa tena.

Naishia hapa kwanza, vidole vimekufa ganzi.

Ijumaa. Nimelala, nimekunywa chai, naendelea.

Usifikiri mjomba wako amenitupa. Unga unakuja, sukari inakuja, anavipitisha kwa fundi viatu anayekaa na meza yake hapa mbele ya nyumba. Yeye mwenyewe hupita upande wa pili wa barabara, ngazi begani, shingo ameielekeza kwingine kama mtu aliyevunjika. Mimi naye tumefanana, ndiyo shida. Baba yake angekuwepo angetuweka benchi moja akatuchekesha.

Nusu pipa mimi siwezi kulisogeza, na udongo ulivyo mzito hata fundi viatu alilijaribu akashika kiuno. Basi nikasema kama dungusi haliendi kivulini, kivuli kitalifuata. Nikatoa shuka letu la zamani, lile la mistari, nikalikunja mara mbili, nikalitundika kwenye kamba juu yake. Maji sikulinywesha. Dungusi lilipotulia nikalikunjua shuka likawa la tabaka moja. Baadaye nikawa nalivua kila asubuhi, natazama jua linavyotambaa uani, likifika bombani namfunika mzee wangu. Kisha nikaliacha wazi mpaka jua lipite bomba. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, kama unavyomwachisha mtoto ziwa.

Fundi viatu aliniona nahangaika akasema, "Mama, niachie mimi, nina dawa ya viatu ya kijani, nalipiga brashi mara moja, hata malaika hatajua." Nikamwambia ajaribu nimpige kwa kiatu chake mwenyewe.

Ni yeye huyo fundi aliyeniambia neno lililonikosesha raha. Alisema mjomba wako siku moja alichungulia juu ya ukuta wa uani. Akaona shuka. Akarudi mezani kwa fundi, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akasema, "Mama amelifunika. Basi limekufa." Akavua kofia, akaondoka bila kofia. Kofia iko hapa kwangu.

Utaniuliza kwa nini sikumtuma fundi amwambie ukweli. Ningemwambia nini? Siku zile hata mimi sikujua kama litapona. Habari nusu ni mbaya kuliko kimya. Nilimkataza fundi asiseme kitu mpaka nione mwenyewe.

Sasa nimeona. Juzi nililivua shuka, nikatia miwani, nikapanda juu ya kigoda (usimwambie mama yako), nikatazama utosini. Ndani ya zile nywele nyeupe kuna duara la kijani kibichi, na miiba mipya imetoka, myekundu, laini kama mswaki mpya. Nilishuka, nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ubavu ulioungua umebaki kahawia, mgumu, una nyufa. Hautarudi kuwa kijani, nakwambia mapema usije ukalia. Palipoungua panabaki. Litakua kwenda juu, na kovu litabaki chini palepale, na kila mwaka litakuwa mbali zaidi na utosi. Lako nalo litakuwa hivyo. Wala usianze kunitafutia mafumbo hapo, nakujua. Nasema dungusi.

Kuna jambo moja limebaki, na hilo ndilo linalonitia hofu. Pipa limeoza chini. Rangi ya mjomba wako imefunika kutu tu, kwa ndani kitako chote kinamenyuka, udongo unavuja. Mvua zikianza na dungusi limo humo, maji yatatuama penye kutu, mizizi itaoza, na nitakuwa nimeliponya juu ili nilipoteze chini. Fundi viatu amenipatia nusu pipa jingine lisilo na kutu. Kinachotakiwa ni kulihamisha.

Wewe ulikuwa hujazaliwa walipolihamisha mara ya kwanza. Babu yako alilifunga magunia kuanzia shingoni mpaka shinani, akalikumbatia, shavu kwenye gunia, na mjomba wako, kijana kabisa, akakaa chini akavuta pipa kwa miguu. Mimi nasimamia. Babu yako akasema, "Mama watoto, hata wewe sijawahi kukushika kwa adabu hivi." Nilimrushia kata ya maji. Mara ya pili kifua chake kilikuwa kimeshaanza kumsumbua, wakabadilishana. Mjomba wako akakumbatia, baba yake akavuta. Babu yako alikuwa anamwelekeza, usibane, usilegeze, lisikie linavyoegemea, kama unamtoa mgonjwa kitandani. Na kitandani, siku zile za mwisho, ni mjomba wako huyo huyo aliyekuwa anamwinua baba yake vile vile, bila kumuumiza, wala hakuna aliyemwelekeza. Mimi niliona. Sikusema, lakini niliona.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie, na akitaka kukata simu mwambie bibi hajambo unajua, umepiga kwa jingine. Mwambie liko hai. Mweleze duara la kijani na miiba myekundu, umweleze vizuri, mdomo unao. Akisema nilimfukuza, mwambie nilifukuza brashi. Kuomba radhi sitaomba, mimi ni mama yake na ukuta alipaka bila kuniuliza, ingawa jioni ukitulia, rangi yenyewe si mbaya. Usimwambie nimekutuma. Atajua, lakini usimwambie.

Mwambie kwamba Jumamosi ijayo asubuhi, si kesho, ile ya wiki ijayo, nalitoa dungusi kwenye pipa, aje asije. Magunia nimeshayafua. Fundi viatu anajitolea kulishika, na mimi simpi, ana mikono ya nyundo. Nitakaa chini mwenyewe, na magoti yangu haya, nivute pipa. Lakini kukumbatia siwezi, na hakuna mwingine aliyefundishwa. Mwambie mahali pa kusimama pako wazi.

Nisalimie mama yako na mgongo wake, mumeo, na huyo kitukuu wangu mbusu kwenye ufizi. Fundi viatu anakusalimu, anasema vile viatu ulivyoacha bado anavyo. Mungu awafunike kwa kivuli chake nyote, usiku na mchana, na akurudishe hapa ningali naweza kukugombeza.

Ni mimi bibi yako, mke mwenzako mkubwa, nikupendaye hata nikifoka.