Rivasi Uliyopiga Mlangoni Kwangu

Baba yangu,

Akoth, mjukuu wako, anaolewa Jumamosi. Wazee wa hapa Mukuju wamenipa zamu ya kumwusia, na wamenikumbusha nisiache maneno yako: "Ndoa haina rivasi." Eti ni urithi wa ukoo. Urithi gani huo!

Uliyasema siku ya harusi yangu, wageni wakacheka. Dereva wa lori la simenti, rivasi, ile gia ya kurudi nyuma, ilikuwa mdomoni mwako kutwa. Ukirudisha lori uani, mimi nilikuwa nyuma nakugongea bodi: mara mbili njoo, mara moja simama. Mtu akivunja ahadi, "huyo amepiga rivasi." Hata mama akibadilisha mboga ulimwambia hivyohivyo.

Mimi nikayashika maneno yako kama yalivyo. Miaka mitatu nilipigwa kule Busia, upande wa Kenya, nikanyamaza, maana baba amesema. Nilikukasirikia, Baba. Niliona umenifungia mlango.

Kisha ukaja. Sikukuita, jirani yangu muuza omena ndiye aliyekwambia pale mpakani. Asubuhi nikasikia lori linaingia kwa wakwe kinyumenyume, kuku wakitawanyika. Mama mkwe akatoka anafoka: "Mzee, si ulisema hii kitu haina rivasi?"

Ukatoa kichwa dirishani. "Nilisema vibaya. Kwani mimi ni Mungu? Ng'ombe yenu iko Mukuju, kujeni mchukue." Halafu ukanigeukia mimi: "Nenda nyuma unigongee. Upande hii sioni."

Nikamfunga Akoth mgongoni, nikagonga mbili, mbili tena, mpaka lori likafika kizingitini. Nikagonga moja. Tukapakia godoro, sufuria na cherehani. Mume wangu alisimama kando. Njiani hukunihubiria. Pale Busitema ulininunulia muhogo wa kuchoma, ukauliza kama mtoto ameshiba.

Wazee wanakumbuka ya harusini tu, ya siku ile wamejisahaulisha. Nimekumiss, Baba, na wiki hii zaidi.

Jumamosi nitasimama niseme yote. Nitamwambia Akoth kwamba babu yake alisema hivyo, akakosea, akakiri mbele ya wakwe. Namwombea nyumba njema, kwa moyo wote. Lakini ajue lori bado liko uani, ufunguo ninao mimi, na kugonga bodi alijifunza akiwa mgongoni kwangu.

Pumzika kwa amani, dereva wangu.

Binti yako, yule wa kukugongea