Soli za Viatu vya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetuchosha. Jana nilikwenda kumwona Mama kule kituo cha wazee. Sakafu inang'aa, na wauguzi wana maneno matamu kupita kiasi.

"Mama yenu anatembea kila asubuhi mpaka bustanini," muuguzi mkuu aliniambia, akanionyesha na daftari wanamoandika mazoezi yake.

Nikamvua Mama vile viatu nilivyompelekea mwezi uliopita, nikavigeuza. Soli nyeupe pe! Kibandiko cha bei bado kiko pale pale.

Niliinuka nikawaulize. Mama akanishika mkono, akaninong'oneza: "Acha, mwanangu. Wewe jioni unaondoka. Mimi nabaki nao."

Njoo tumtoe. Ukimpigia usimwambie, simu wanamshikia wao.

Dada yako